Kiwanda Kilichohama kwa Gari: Kutoka Albuquerque hadi Seattle

Huenda umewahi kuiona hii picha. Watu 11 wamekaa mistari mitatu, wanaume tisa na wanawake wawili. Ndevu nyingi, nywele ndefu, miwani mikubwa. Mstari wa chini, kushoto kabisa, kuna kijana wa miaka 23 mwenye sura ya mwanafunzi wa kidato cha nne. Huyo ni Bill Gates. Upande wa pili wa mstari huohuo yupo mwenzake, Paul Allen, miaka 25. Picha ilipigwa Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani, tarehe 7 Desemba 1978. Wala haikuwagharimu kitu: mmoja wao, Bob Greenberg, alikuwa ameshinda zawadi ya kupigwa picha bure kwenye shindano la redio.

Watu huitazama kucheka mitindo ya nywele. Mimi nakuomba uitazame kama picha ya kuagana na mji. Wiki chache baadaye karibu wote walifunga virago wakaelekea kaskazini magharibi, kwenye eneo la Seattle, kuanza kazi upya. Ni mwendo wa kama kilomita 2,300 kwa barabara. Kwa kipimo chetu, toka Mombasa hadi Kampala, kisha geuza urudi Mombasa.

Swali ni hili: kwa nini kampuni changa ambayo ndiyo kwanza imeanza kupata hela ihame mji mzima? Na kuhama kule kulimpa nani nini?

Walifikaje Albuquerque?

Tuanze na mtu ambaye hayumo kwenye picha: Ed Roberts. Kampuni yake, MITS, ilikuwa Albuquerque, na kompyuta yake ndogo, Altair 8800, ilitokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975. Ilitumia chipu ya Intel 8080 na iliuzwa vipande vipande kwa chini ya dola 400. Unajiunganishia mwenyewe nyumbani. Haikuwa na skrini wala kibodi. Ilikuwa sanduku lenye swichi na taa.

Allen na Gates walikuwa upande wa pili wa nchi, Boston, mmoja akifanya kazi, mwingine akisoma Harvard. Waliona jambo moja ambalo leo linaonekana la wazi lakini siku zile halikuwa wazi: sanduku lile bila programu ni pambo tu. Wakajitosa kuiandikia lugha ya BASIC. Altair yenyewe hawakuwa nayo, kwa hiyo waliifanya kompyuta kubwa ya Harvard iige tabia za ile chipu, wakajaribia humo.

Machi 1975 Allen alipanda ndege kwenda Albuquerque akiwa na mkanda wa karatasi wenye matundu. Angani akakumbuka kwamba hawakuandika kile kipande kifupi cha kuiambia mashine isome mkanda. Akakiandika palepale kwenye kiti, ndege ikianza kushuka. Kesho yake mashine ilikubali. Aliiuliza mbili jumlisha mbili, ikajibu nne.

Basi wakahamia huko. Hawakufuata hali ya hewa wala ndugu. Walimfuata mteja.

Mteja anapoondoka

Miaka miwili tu baadaye sababu hiyo ilikufa. Mwaka 1977 Roberts aliiuza MITS kwa kampuni iitwayo Pertec. Ukazuka mgogoro: nani mwenye haki ya kuuza BASIC kwa wengine? Suala likaenda kwa msuluhishi, na Microsoft ikashinda.

Ushindi huo ndio uliowafungua minyororo. Mwaka huohuo zilikuwa zimetoka kompyuta tatu za mezani zilizobadilisha soko: Apple II, Commodore PET na TRS-80 ya Tandy. Commodore na Apple wakawa wateja wa BASIC ya Microsoft, na Tandy naye akafuata. Hesabu wangapi kati ya hao walikuwa Albuquerque. Hakuna hata mmoja.

Mwishoni mwa 1978 kampuni ilikuwa na wafanyakazi 13 na mauzo ya mwaka yaliyopita dola milioni moja. Tatizo likabaki moja, watu. Kumshawishi mwandishi wa programu hodari ahamie mji wa jangwani asikomjua mtu ilikuwa kazi kwelikweli. Wangeweza kwenda Silicon Valley, California, ambako ndiko kila mtu angetarajia. Lakini kule wafanyakazi walihama kampuni moja hadi nyingine kama wateja wa sokoni, na siri zikahama nao. Seattle ilikuwa nyumbani kwa Gates na Allen, ilikuwa na Chuo Kikuu cha Washington, na mvua zake, walisema kwa utani, zingewafungia watu ndani wafanye kazi.

Nini hasa kilihamishwa?

Hapa nakuomba usimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha makala hii.

Fikiria unahamisha kiwanda cha saruji. Utabeba tanuru? Utabeba mlima wa chokaa? Fikiria bandari. Hata ukiwa na pesa za kuchoma, bandari ya Tanga huwezi kuipeleka Morogoro. Tangu enzi za viwanda vya nguo vya Uingereza, mali ya kiwanda ilikuwa kitu kilichofungwa chini kwa nati. Mfanyakazi ndiye aliyeifuata.

Microsoft ya 1978 haikuwa na tanuru. Hata kompyuta kubwa waliyotumia kuandikia programu hawakuimiliki. Walikodi muda kwenye mashine ya idara ya shule za umma za Albuquerque. Mali yao ilikuwa mikanda, makaratasi, mikataba na ujuzi uliokaa vichwani mwa watu 13. Kiwanda kizima kiliweza kuingia kwenye magari machache, na sehemu yake ya thamani zaidi ilikuwa imekaa kwenye usukani.

Ndiyo maana safari yenyewe haina simulizi ya kishujaa. Hakuna msafara wa malori. Gates aliondoka na Porsche 911 yake akipitia California, na inasimuliwa kwamba njiani aliandikiwa faini za mwendokasi tatu. Watanzania mngesema alipigwa tochi mara tatu safari moja. Polisi wa Albuquerque hawangeshangaa. Walikuwa tayari na picha yake waliyompiga kituoni Desemba 1977 kwa kosa la barabarani.

Januari 1979 walikuwa kazini tena Bellevue, mji ulio ng'ambo ya ziwa kutoka Seattle, ghorofa ya 8 ya jengo la benki. Namba yao ya simu iliishia na 8080, jina la ile chipu iliyowaanzisha. Na safari hii wakanunua kompyuta kubwa yao wenyewe.

Mji uliokuwa ukikimbiwa

Usidhani walikimbilia mji wenye neema. Seattle ilikuwa inategemea Boeing, na Boeing ilikuwa imeanguka vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa imeajiri watu kama 100,000 katika eneo hilo. Kufikia 1971 walikuwa wamebaki chini ya 40,000. Mwaka huo kuna watu waliweka bango karibu na uwanja wa ndege wakimwomba mtu wa mwisho kuondoka Seattle azime taa. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wa watu waliouza nyumba kwa hasara.

Kufikia 1978 jeraha lilikuwa linapona. Hata hivyo hakuna mtu Seattle aliyetandika zulia jekundu kwa kampuni ya watu 13. Kwa mji uliozoea kuhesabu ajira kwa maelfu, ilikuwa tone la mvua ziwani.

Kilomita 20 zilizobadili mambo

Sasa tazama kilichotokea. Mwaka 1980 IBM ilikwenda Bellevue kutafuta programu za kompyuta yake mpya ya mezani. Ilihitaji pia mfumo endeshi, kitu ambacho Microsoft haikuwa nacho. Lakini Tukwila, kusini mwa Seattle, kama kilomita 20 tu kutoka ofisi yao, kulikuwa na kampuni ndogo iitwayo Seattle Computer Products. Humo mhandisi kijana, Tim Paterson, alikuwa ameandika mfumo wa namna hiyohiyo. Hakuwa mgeni kwao: alikuwa ametengeneza sampuli ya kwanza ya SoftCard, kadi ya Microsoft ya kuchomeka kwenye Apple II.

Julai 1981 Microsoft iliununua mfumo huo kwa dola 50,000. Ukawa msingi wa MS-DOS, na MS-DOS ikawa msingi wa karibu kila kitu kilichofuata kwenye kampuni ile.

Je, wangebaki Albuquerque wasingempata Paterson? Mwanahistoria mwaminifu hajibu "ndiyo" wala "hapana" kwa swali kama hilo. Simu zilikuwepo, ndege zilikuwepo. Lakini ukaribu ulirahisisha: mtu unayemfahamu, unayeweza kumfikia kwa nusu saa ya gari, ni rahisi zaidi kumkumbuka shida inapobisha hodi. Kuhama hakukuleta bahati. Kuliwaweka jirani nayo.

Na magari yakazaa magari. Mwaka 1994 Jeff Bezos na mkewe wakati huo, MacKenzie, waliacha kazi New York, wakachukua gari Texas na kuendesha hadi Seattle kuanzisha duka la vitabu mtandaoni. Sababu mojawapo aliyoitaja Bezos ni kwamba Seattle ilikuwa na wataalamu wengi wa kompyuta. Hao wataalamu walikuwa wamevutwa na nani? Unajua jibu.

Nani alifaidi, nani alilipa?

Mchumi Enrico Moretti alitumia kisa hiki cha miji miwili katika kitabu chake cha 2012 kuhusu jiografia ya ajira. Kwa makadirio yake, kila ajira moja ya teknolojia ya juu huzaa nyingine tano katika mji uleule: mwalimu, wakili, fundi seremala, kinyozi, mhudumu wa mkahawa. Si kwa sababu mwandishi wa programu ana moyo mzuri, bali kwa sababu analipwa vizuri na anatumia mshahara wake pale anapoishi.

Hoja hii ina nguvu, lakini isikupofushe. Kwanza, Albuquerque haikugeuka gofu. Ina maabara kubwa ya taifa ya Sandia, na Intel ilifungua kiwanda chake Rio Rancho, jirani kabisa, mwaka 1980. Pili, zile ajira tano hazilipi sawa na ile moja. Kodi ya nyumba hupandishwa na mwenye mshahara mnono, lakini kinyozi na mhudumu nao wanailipa. Mwaka 2015 Seattle ilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya wingi wa watu wasio na makazi. Utajiri wa mji na shida ya mji vilipanda ngazi moja.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2019 kampuni hiyohiyo ya watu 13, sasa yenye maelfu kwa maelfu, ilitangaza vituo vya kutengeneza programu Nairobi na Lagos. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Mwaka 2024 cha Lagos kikafungwa, cha Nairobi kikabaki. Kiwanda kinachobebeka huja upesi na huondoka upesi. Anayepanga uchumi wa mji juu yake akumbuke Albuquerque: haikukosea kitu kikubwa. Haikuwa na bandari ya kuwashikilia wala chuo cha kuwavuta wengine wa aina yao. Ndiyo maana cha kupigania si jengo la ofisi lenye vioo. Ni shule na vyuo vinavyofanya mji ubaki na watu hodari hata kampuni ikiondoka.

Aliyekosekana

Turudi kwenye picha. Nimesema wafanyakazi walikuwa 13, picha ina 11. Mmoja wa waliokosekana ni Miriam Lubow, aliyeshika mambo ya ofisi: barua, hesabu, na kuhakikisha vijana wale wanakumbuka ratiba zao. Siku ya picha theluji ilianguka akashindwa kufika. Kampuni ilipohama, hakuhama nayo mara moja. Kiwanda kilichobebeka hakikuwa chepesi kwa kila mtu; kijana asiye na familia anafunga begi usiku mmoja, mwenye nyumba na jamaa hafungi. Baadaye naye alifuata hadi Washington.

Mwaka 2008, Gates alipokuwa karibu kuacha kazi ya kila siku pale, walikusanyika kupigwa picha upya. Bob Wallace hakuwepo. Alifariki mwaka 2002. Lakini safari hii Lubow alifika, akakaa pamoja nao, miaka 30 baada ya ile theluji.