Fungate Kigoma: Mji Mmoja, Safari Tatu na Historia ya Doti



Kila msimu wa harusi ukifika, swali ni lile lile: fungate tuende wapi? Wenye uwezo hutaja Dubai na Istanbul. Siku hizi wapo pia wanaotamani miji ya kale ya Ujerumani iliyo kando ya mito, ambako mtu hukodi chumba mji mmoja, kila asubuhi akatoka kutembea mahali pa karibu na jioni akarudi. Utaratibu huo ni mzuri. Hufungi na kufungua sanduku kila siku, mabuibui yako yanabaki yamening'inia kabatini, na sala unazipangia. Mimi kwa utaratibu huo huo nakupeleka Kigoma, mji aliouinua Mjerumani kando ya Ziwa Tanganyika. Historia yake inatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko mji wowote wa Ulaya.

Kigoma yenyewe

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, safari ya kilomita kama 1,250. Stesheni waliyoijenga bado imesimama katikati ya mji, na ndipo pa kuanzia matembezi.

Reli ile ndiyo iliyoleta meli. Mwaka 1913 mjini Papenburg, kando ya mto Ems huko Ujerumani, kiwanda cha Meyer kiliunda meli iitwayo Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa treni. Iliteremshwa ziwani Februari 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimeshaanza. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Fundi mzuri hujulikana hata kwa anavyoihifadhi kazi yake.

Safari ya kwanza: Ujiji

Ujiji iko kilomita chache tu kusini, unakwenda kwa daladala. Kabla ya Kigoma kuwa mji, mji ulikuwa huu. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wa pwani wameshatangulia. Misikiti, miembe na Kiswahili cha Ujiji vitakufanya ujione uko nyumbani. Wageni wengi huja kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwezi Novemba 1871, wakapiga picha wakaondoka. Wewe usiondoke upesi.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuja mpaka hapa, na fedha yake kubwa ilikuwa nguo. Merikani nyeupe kutoka viwanda vya Marekani na kaniki nyeusi ya kibuluu zilipita Unguja zikabebwa vichwani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wa kukodiwa, miezi mitatu na zaidi. Zilipimwa kwa mkono. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Ndiyo doti hiyo hiyo tunayoitaja leo tukihesabu kanga za bibi harusi. Kwa doti msafara ulilipa hongo kwa watawala wa njiani, ulinunua chakula na ulinunua pembe za ndovu. Na kwa doti, dada zangu, walinunuliwa watu.

Hapa ndipo wengi wetu hutaka tufunge kitabu. Tusikifunge. Miezi michache kabla ya kukutana na Stanley, Livingstone alikuwa Nyangwe, katika nchi ya Manyema ng'ambo ya ziwa. Mwezi Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa pwani waliufyatulia risasi umati uliokuwa sokoni, na wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Waliobaki hai katika uvamizi kama ule wengi walivushwa ziwa na kupitishwa Ujiji. Baadhi yao walifika Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa na Sayyid Barghash mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Hata hivyo masuria hawakuingizwa katika sheria ile mpaka mwaka 1909. Miaka 12 mwanamke wa ndani alisubiri kile ambacho mwanamume wa shambani alikuwa ameshaweza kukidai.

Dini yetu imefanya kumwacha mtu huru kuwa ibada na kafara, na kumuuza mtu huru kuwa dhambi kubwa. Waliovamia vijiji walijua hivyo, na bado walifanya. Kulisema hilo si kuutukana Uislamu, ni kuutofautisha na tamaa ya watu. Pia ni kuwapa heshima bibi zetu, kwani wangapi kati yetu damu ya Manyema imo mwilini na hatuitaji? Merikani na kaniki zilikuwa vazi la mtumwa. Walipokuwa huru, wanawake wa Unguja waliziweka kando wakajifunga kanga zenye rangi na maua. Doti iliyokuwa bei ya mtu ikawa pambo la mwanamke huru.

Safari ya pili: Gombe

Boti huelekea kaskazini mpaka Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuchunguza sokwe. Alikuwa na miaka 26, na wakuu wa serikali hawakukubali binti akae msituni peke yake, basi akaja na mama yake mzazi. Wanaotushangaa kusafiri na maharimu wangeisoma na hiyo. Vaa viatu vya kufunga, na ukiwa na mafua usiende, sokwe huambukizwa maradhi yetu.

Safari ya tatu: Kasulu na Mtabila

Siku nyingine panda gari kwenda Kasulu, kama kilomita 100, nchi ya milima ya Waha. Beba sweta. Hapa palikuwa na Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru wakati wa Mwingereza na baadaye akawa mbunge.

Hapa pia kuna Mtabila, iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2012 na wenyewe kurudishwa kwao. Wapo watoto waliozaliwa Mtabila, wakaambiwa rudini nchi ambayo hawajawahi kuiona. Leo eneo hilo ni kambi ya JKT, si mahali pa kuzurura na kamera. Mwaka 2015 machafuko ya kisiasa yaliwatoa Warundi tena, wakajaa Kagunga mwambao wa ziwa. Liemba, ile meli ya Papenburg, ndiyo iliyowabeba kwenda Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu huku huku Kasulu. Kambi haziingiliwi bila kibali, na shida ya mtu si maonyesho. Ukitaka kuwa na lako la kheri, nunua kitenge sokoni Kasulu bila kumbana muuzaji kwa shilingi mia tano.

Kwa anayejiandaa

Lala Kigoma, beba msala na udhu wako, na muulize sheikh wako kuhusu kupunguza sala ukiwa safarini. Rudi na dagaa na mawese kwa mama mkwe, utaombewa dua.

Na utakapofungua sanduku la harusi ukahesabu doti zako, kumbuka kuwa uliulizwa idhini yako kabla ya nikaha, na kwamba safari hii umeichagua mwenyewe. Wapo waliopita njia hii bila kuulizwa. Waombee rehema kwa jina la bibi yako, kama unalijua.

Wabillahi tawfiq.