Jumba la Maajabu na Istilahi za Ujenzi

Mfasiri anayekutana na habari za kasri la Golestan mjini Tehran, ambamo ufundi wa Kiajemi umechanganywa na wa Ulaya, huenda akadhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya kulieleza. Kabla hajaunda maneno mapya, hapana budi atazame Unguja.

Shah Naser al-Din wa Uajemi aliizuru Ulaya mwaka 1873. Sultani Barghash bin Said wa Unguja alizuru Uingereza mwaka 1875. Mwaka 1883 Barghash alijenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na milango yake ni ya nakshi, kama ilivyo desturi ya pwani. Lakini katika nyumba za kawaida za mawe, dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaopima upana wa chumba. Katika jumba hili zilitumika pia nguzo na mihimili ya chuma, likazungukwa na roshani pana katika kila ghorofa. Baadaye likatiwa umeme na lifti. Waingereza walipopiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896, kasri la jirani liliangamia, nalo likasalia.

Majina nayo yamechanganyika. Ukuta na nguzo ni ya Kibantu. Kasri ni la Kiarabu. Roshani na dirisha yana asili ya Kiajemi. Lifti ni la Kiingereza. Yote ni Kiswahili.

Hata hivyo, neno bila fasili halitoshi. Anayeandika baraza mahali pa roshani anamshusha msomaji kutoka ghorofani hadi mlangoni. Na mwalimu wa Genkuru, wilayani Tarime, mbali na mikoko, anastahili kuelezwa boriti ni mti gani na hukaa wapi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki. Kuta zaweza kujengwa upya. Maneno ya mafundi wazee hayana budi kukusanywa wangali hai, yaandikwe pamoja na fasili na michoro, ndipo tuunde yale tu yanayokosekana.