Kwale na Neno "Wastani"

Kila maelezo ya Kwale niliyosoma huanza vilevile: kaunti ya kusini mwa Pwani ya Kenya, joto la wastani wa nyuzi 24 hadi 27, masika kuanzia Aprili, vuli kuanzia Oktoba. Halafu picha ya Diani. Sina ugomvi na Diani. Ugomvi wangu ni na hilo neno "wastani".

Panda matatu Ukunda hadi Kinango, utaelewa. Ukunda ni jasho na minazi. Gari likipanda Shimba, ukafika Kwale mjini, karibu mita 400 juu ya bahari, unatamani sweta, hasa asubuhi ya Julai. Ukiteremka upande wa pili minazi inakwisha, vichaka vya miiba vinaanza. Upepo wa kusi unaotoka baharini humwaga mvua yake ufukweni na vilimani; ng'ambo ya pili hupata masazo. Ufukweni hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Kule Taru ni karibu nusu ya hiyo, na hata hiyo nusu haina ahadi.

Watu wa zamani hawakuchanganya sehemu hizi mbili. Vanga na Wasini kalenda ilikuwa upepo: jahazi lilikuja na kaskazi, likarudi na kusi. Bara, misafara ya kwenda Taita ilihesabu safari kwa maji, yaani ngurunga, yale mashimo ya miambani yanayoshika maji ya mvua. Ukiyakuta makavu, basi tena. Wajenzi wa reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 walipofika nyika ya Taru ilibidi maji yao yaletwe na treni. Vitabu vya reli hupenda simba wa Tsavo. Mimi naona kiu ya Taru ilistahili kurasa zaidi.

Nyanya yangu, Mduruma wa huko huko, hakuwa na tarehe. Alitaja miaka kwa njaa zake: huyu alizaliwa njaa fulani, yule aliolewa ilipokwisha. Mtoto nikidhani ni hadithi tu, kumbe ndiyo ilikuwa historia yetu.

Mwaka mmoja wa ukame nilikaa kwenye mkutano, afisa mmoja akatusomea kwamba mvua ya kaunti ilikuwa ya kuridhisha. Mzee kando yangu akauliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo mvua ilinyesha wapi?" Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akaendelea kusoma.

Na maji yapo, si ati hayapo. Chemchemi za Marere, ndani ya Shimba, zimeinywesha Mombasa tangu enzi za ukoloni. Bomba liliteremka kuelekea mjini. Nyumbani kwetu, upande wa pili wa vilima hivyo hivyo, shangazi bado hununua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye punda.