Kadhi wa Ukoo wa Watawala

Ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa hadi Seyyid Said alipouondoa mwaka 1837. Miaka 100 baadaye, mwaka 1937, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Enzi haikurudi: chini ya Waingereza, kadhi aliamua ndoa, talaka na mirathi za Waislamu tu. Nguvu yake ilikuwa kalamu. Katika gazeti la Al-Islah, aliloanzisha mwaka 1932, aliwahimiza watu wa pwani watafute elimu mpya bila kutupa mila zao.

Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alifundisha miaka mingi hapa Marekani. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa kuzikwa Mombasa. Sisi wa Dallas, tunaojifunza darasani lugha ya bibi zetu, wosia huo unatuhusu. Mwacha asili ni mtumwa.