Bomba: jina la alama | kwenye mstari wa amri

Kwa mtengenezaji wa tovuti anayefanya kazi kwenye mstari wa amri, hakuna alama yenye faida kubwa kuliko mstari wima, |, na jina linaloifaa kwa Kiswahili ni bomba. Tuseme tovuti imezidiwa na unataka kujua ni anwani zipi za IP zinazoiandama. Unaandika: cut -d' ' -f1 access.log | sort | uniq -c | sort -rn | head. Programu ya kwanza inachomoa safu ya anwani kwenye kumbukumbu za seva, ya pili inazipanga ili zinazofanana zikae pamoja, ya tatu inazihesabu, ya nne inatanguliza zenye idadi kubwa, na ya mwisho inakuonyesha kumi za juu. Hakuna faili la katikati la kuhifadhi wala kufuta. Picha ya maji ni ya waasisi wenyewe: mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs alitaka programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, na mwaka 1973 Ken Thompson akaliingiza wazo hilo katika Unix.

Mfereji ungeweza kufaa, maana Wakenya wengi huyaita maji ya bomba maji ya mfereji. Lakini kwanza kabisa mfereji ni njia iliyo wazi, nayo hufurika. Bomba la Unix halimwagi. Katika Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536, na likijaa, programu inayoandika husubiri mpaka inayosoma ipunguze. Paipu nalo linaeleweka, ila paipu ni kile kipande kinachouzwa dukani kikiwa kikavu. Bomba ni njia ambayo tayari inapitisha kitu. Atakayepinga akisema kwamba bomba ni pia mashine ya kusukumia maji ana hoja, lakini anayesoma habari za bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga hachanganyikiwi. Ni kweli pia kwamba sort hukusanya mistari yote kabla ya kutoa hata mmoja. Hiyo ni tabia ya sort, si ya bomba. Faida ya jina hili inaonekana zaidi pale amri inapokwama: mwanafunzi anayefikiria bomba atauliza ni nini hasa kinachopita humo. Ni matokeo ya kawaida tu. Ujumbe wa makosa una njia yake na huangukia kwenye skrini, isipokuwa umeandika 2>&1 kabla ya alama.