Safuwima, Upana Wake na Mtindo Wake

Msikitini waumini hupanga safu, na safu hizo hulala kutoka ukuta hadi ukuta. Gazetini, mwandishi mwenye safu yake hujaza nafasi kutoka juu kwenda chini. Na ile safu ya milima ya Livingstone, inayoinukia pembeni mwa Ziwa Nyasa, haimwambii mtu chochote kuhusu wima wala mlalo. Ndiyo maana neno safu peke yake halimtoshi anayeandika mwongozo wa programu. Akisema “panua safu”, msomaji atauliza: ipi, inayosimama au inayolala?

Watafsiri wa programu za kompyuta walilimaliza tatizo hilo kwa kuongeza sifa moja tu: safuwima kwa inayosimama, safumlalo kwa inayolala. Kazi ya kuziingiza programu za ofisini katika Kiswahili si ya jana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Wapo wanaoandika maneno mawili, safu wima na safu mlalo. Mimi nayaunganisha, kwa kuwa mara nyingi hufuatwa na sifa nyingine: safuwima pana, safuwima ya tatu. Kolamu inaeleweka ofisini na sina ugomvi nayo, ila haina mwenzake wa mlalo aliyezoeleka vivyo hivyo, na istilahi hizi hufanya kazi zikiwa jozi.

Safuwima ikishapata jina, inahitaji mambo mawili ambayo huchanganywa sana. Mpangilio wa jedwali ni mgawanyo wa nafasi: safuwima ngapi, kila moja upana gani, mipaka ipite wapi. Mtindo wa safuwima ni sura ya kilichomo: maandishi yaegemee kushoto au kulia, yakolezwe au yasikolezwe, usuli uwe na rangi gani. Naona tofauti hii ilindwe, kwa sababu programu zenyewe huyashughulikia mambo hayo mahali tofauti.

Wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, hakuna haja ya kumfundisha mtu jedwali ni nini. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayepokea kahawa analijua kutoka kwenye daftari: jina la mkulima, namba ya uanachama, kilo, makato, malipo. Siku hizi Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina MUVU, mfumo wa kidijitali wa kusimamia vyama vya ushirika, na kazi ya daftari inahamia kwenye kompyuta. Mfumo wowote wa namna hiyo huhitaji mwongozo, na mwongozo hauwezi kukwepa majedwali.

Tuseme jedwali la mfano lina safuwima ya kilo za kahawa mbivu na nyingine ya kilo za kahawa ya maganda. Takriban kilo tano za mbivu ndizo hutoa kilo moja ya maganda makavu. Kama nafasi imekuwa finyu na kichwa kikakatwa kikabaki “Kilo”, anayejifunza ataingiza namba ya safuwima moja kwenye nyingine, na hesabu ya mkulima itapanda au itashuka mara tano. Upana wa safuwima hapo ni suala la pesa ya mtu.

Na nafasi huwa finyu kweli, kwa sababu majedwali mengi yalipimwa kwa maneno ya Kiingereza kabla ya kutafsiriwa. Neno letu hubeba nafsi, wakati, ukanushi na kitenzi kwa pamoja. “Haijathibitishwa” ni herufi 16 bila mwanya hata mmoja. Jedwali likiachwa lijitanue lenyewe, safuwima haiwezi kuwa nyembamba kuliko neno lake refu kuliko yote, hivyo neno hilo husukuma safuwima za jirani hadi jedwali linatoka nje ya skrini ya simu. Upana ukifungwa, safuwima hukaa palepale ilipowekwa, lakini neno hufurika na kuandikwa juu ya jirani. Kwa hiyo mtafsiri asiishie kwenye maneno. Agawe upana upya, safuwima kwa safuwima. Pia aweke kistari kilichofichwa ndani ya maneno marefu, kinachojitokeza pale tu neno linapohitaji kukatwa. Kiswahili kinaruhusu jambo hili kuliko lugha nyingi: silabi zetu karibu zote huishia kwa vokali, hivyo haijathi-bitishwa inasomeka bila kukwama.

Mtindo nao una mtego wake. CSS, lugha ya mitindo iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kuidhinishwa mwaka 1996, haiichukulii safuwima kama chombo chenye vitu ndani. Katika HTML, lugha inayounda kurasa za wavuti, seli ni mtoto wa safumlalo. Safuwima hupatikana kwa kuhesabu tu. Unaweza kuipa safuwima nzima upana, usuli na mipaka, au kuificha, basi. Ukiiagiza iegemeze maandishi kulia, hakuna kitakachobadilika, kwa kuwa seli hurithi mtindo kutoka kwa mzazi wake. Inabidi uziagize seli zenyewe, kwa mfano seli ya nne katika kila safumlalo. Kwenye Markdown, namna ya kupanga maandishi kwa alama za kawaida, mambo ni kinyume: nukta pacha upande wa kulia wa vistari vilivyo chini ya kichwa huegemeza safuwima kulia, lakini upana huwezi kuupanga.

Kuegemeza kulia ni lazima kwa fedha. Andika 985,000 juu ya 1,250,000 zote zikiegemea kushoto: tisa inakaa juu ya moja, na kwa macho ya haraka kiasi kidogo kinaonekana kikubwa. Zikiegemea kulia, mamoja hukaa chini ya mamoja na maelfu chini ya maelfu. Majina ya wakulima yabaki kushoto.

Mipaka nayo ina namna mbili, iliyotengana na iliyounganishwa, na ngoro, kilimo cha mashimo cha Wamatengo wa Mbinga, inaieleza hii ya pili vizuri. Mkulima hulaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana kwenye mteremko, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika. Tuta moja huhudumia mashimo mawili. Ndivyo mpaka uliounganishwa unavyofanya: mstari mmoja kati ya seli mbili, badala ya kila seli kuwa na wake na pengo katikati.

Rangi naiweka mwisho, ila kwanza neno moja kuhusu kichwa. Ukiandaa jedwali la mapokezi ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kwa ajili ya mwalo wa Liuli au Mbamba Bay, kipimo kiwe kichwani, “Ndoo” au “Kilo”, kisirudiwe katika kila seli. Na kama safuwima ya jumla umeitofautisha kwa rangi ya manjano tu, fotokopi ya kwanza itaifuta tofauti hiyo. Ikoleze maandishi yake na uitenge kwa mstari mnene upande wa kushoto. Manjano yawe nyongeza kwa anayesomea kwenye skrini.