Meza ya Uncle Sam

Watoto wetu wanamjua Uncle Sam, mzee wa kofia ndefu na suruali ya milia. Mwaka 1869 Thomas Nast, mhamiaji aliyezaliwa Ujerumani, alimchora katika gazeti la Harper's Weekly akikata bata mzinga. Mezani wameketi Wachina, Weusi, Wazungu na wenyeji wa asili. Katikati pameandikwa haki ya wote kupiga kura. Mwaka 1870 katiba ilikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi. Lakini mwaka 1882 sheria iliwafungia mlango vibarua wa Kichina.

Leo, tukila pilau ya Uhuru hapa ugenini, tuwaambie wanetu: bendera na picha za taifa ni ahadi, na ahadi ni deni.